Mshono Usio Wangu

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na tisa mume wangu hajavaa suruali iliyoguswa na sindano ya mtu mwingine. Hatukuandikiana mkataba, ilijulikana tu. Kifungo kikidondoka, mimi. Zipu ikikwama, mimi. Mwanamke anayejua kupika hapendi kusikia mumewe ameonja chungu cha jirani, na mimi ndivyo nilivyo kwenye nguo.

Sasa Jumatatu moja asubuhi nikaigeuza suruali yake ya kazi nipige pasi upande wa ndani, nikaona kitu. Sehemu ya kukalia imetiwa bitana. Kitambaa cheusi, kizito, kimekatwa kwa umbo la yai na kushonewa ndani kwa ndani, ukitazama kwa nje huoni chochote. Pembeni mwote kimezungushiwa zigizaga.

Nilizima pasi.

Mshono una mwandiko, na huo niliujua kabla sijavaa miwani. Mwishoni uzi umerudishwa nyuma mara tatu. Mafundi wengine hurudisha mara mbili. Huyu anarudisha mara tatu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Alikaa kwangu miaka miwili akijifunza, akala kwangu, kisha akafungua banda lake kona ya pili na wateja wangu wa sare za shule akaondoka nao. Mtaa mzima unamwita Zigizaga, maana hata mahali pa mshono ulionyooka yeye lazima apitishe zigizaga. Ni mjane, mrefu, ana shingo. Mimi Mungu aliniunganisha kichwa na mabega moja kwa moja.

Na hebu niambie wewe unayesoma: suruali inatiwaje bitana hapo, mwenyewe akiwa ameivaa?

Basi nikaanza kujumlisha mambo. Mume wangu ni dereva wa tipa, anabeba mchanga na kokoto. Ni mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakujua sabuni inakaa wapi. Lakini miezi mitano iliyopita alianza kufua chupi zake mwenyewe, bafuni, mlango umefungwa kwa komeo. Chooni nako akijifungia hatoki, na simu anaingia nayo. Nikimuuliza anasema, "Mama Mapacha, hata choo niombe ruhusa?" Pacha wetu wako shule ya bweni, nyumbani tuko wawili tu, sasa hilo komeo alikuwa anamfungia nani kama si mimi?

Halafu alikuwa anakonda. Nilimpunguzia kiuno mara tatu mwaka huo. Nilipomuuliza alijipiga tumbo akacheka. "Kitambi si afya." Mwanamume wa miaka hamsini na miwili akianza kuondoa kitambi, ujue yupo wa kumwonyesha. Mara ya tatu nilipokuwa nampima nilimchoma na pini. Nikasema bahati mbaya, lakini ilikuwa makusudi.

Nikampelekea habari msusi, tunayegawana ukuta na paa. Aliishika ile suruali, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Mwenzangu, kikulacho ki nguoni mwako."

"Tena kimetiwa bitana," nikasema.

"Mimi sipendi umbeya." Nikajua umbeya unakuja. "Lakini Alhamisi mbili mfululizo nimemwona anaingia bandani kwa yule mwanamke. Na pazia la kujaribia nguo likashushwa."

Usiku huo sikumsemesha, na siku mbili zilizofuata nikamjibu kwa "eti?" na "aha." Hakuuliza nina nini. Hilo nalo nikaliandika kwenye mashtaka yake.

Alhamisi akavaa shati jeupe. Akasema anakwenda gereji, tairi la nyuma linavuja. Mtu anakwenda kuziba tairi na shati jeupe! Nikamwambia, "Haya, salamu kwa tairi." Alipopinda kona nikatoka vilevile nilivyokuwa, aproni kiunoni, futi shingoni, kastabini ya kusukumia sindano kidoleni.

Hakwenda gereji. Aliingia kwa Zigizaga, na baada ya muda mfupi wakatoka wote wawili, mwanamke amebeba mfuko. Walipofika kuvuka barabara, akamshika kiwiko. Kiwiko cha mume wangu! Mimi mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho nimekishika lini, lakini ni changu. Nikawafuata nyuma ya watu, huku nikipanga maneno, hadi wakaingia geti la hospitali.

Mwanamume na mwanamke wanaingia hospitali wameshikana, jambo gani hilo kama si mimba? Nikasema moyoni ana miaka arobaini na minne huyu. Nikajijibu, Mungu hashindwi.

Niliwakuta kwenye benchi, mwisho wa ukumbi, mbele ya mlango wenye namba. Mume wangu amekaa upande upande, tako moja hewani, macho sakafuni. Zigizaga amemwinamia sikioni. Nikasikia kwa masikio yangu akimwambia, "Usimfiche kitu. Mwambie yote, leo."

"Aniambie!" nikasema. "Nipo hapa, aniambie!"

Benchi zima liligeuka. Kulikuwa na wagonjwa kama kumi na tano pale, na wote wakasahau maumivu yao.

"Nilikutilia uzi kwenye sindano wewe, hujui hata kushika mkasi! Miaka miwili umekula sahani moja na mimi, leo unanishonea mume? Haya, sema, ni ya miezi mingapi?"

"Nini, mwalimu?" Zigizaga akasema. Hadi leo ananiita mwalimu, na siku hiyo liliniuma kuliko tusi.

"Mimba!"

"Mimba gani tena?" akauliza mzee mmoja mwenye bendeji mguuni.

Mume wangu alifumba macho. "Mke wangu, nakuomba. Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kiuno chako nimepunguza mara tatu, sauti sipunguzi ng'o!"

Mlango ukafunguliwa. Akatoka daktari, mwanamke mfupi, miwani ameipandisha kwenye nywele. "Nani anauza samaki hapa?"

"Mimi," nikasema. "Mke wake."

Akatazama karatasi mkononi, akamtazama mume wangu. "Mke wa mgonjwa huyu?"

"Mgonjwa gani?"

Mume wangu alisimama taratibu, mkono ukutani, na shati lile jeupe likamning'inia mabegani kana kwamba limetundikwa kwenye msumari. Zigizaga akanisogezea ule mfuko. "Ingia naye, mwalimu. Mimi nimemfikisha."

Nikaingia. Mle ndani kulikuwa na kitanda kirefu chenye mpira mweusi, meza, na viti viwili. Nikafungua mfuko magotini. Mlikuwa na suruali nyingine ya akiba, nyeusi, na vitambaa vya pamba vilivyokunjwa vizuri na kuzungushiwa zigizaga.

Daktari akasoma. "Anatokwa damu njia ya haja kubwa. Tangu lini, baba?"

Mume wangu akauambia ukuta, "Kama miezi miwili."

Mimi nilikuwa nimeduwaa, lakini hesabu ni hesabu. "Mitano," nikasema. "Alianza kufua chupi zake miezi mitano iliyopita."

Hakukataa. Daktari akafuta, akaandika upya. Akauliza damu ni nyekundu au nyeusi, inadondoka yenyewe au imechanganyika na choo. Mume wangu akajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja chombo. Mwanzoni ilikuwa inadondoka tu. Siku hizi imechanganyika. Na akitoka anahisi bado hajamaliza, anarudi tena.

"Umetumia dawa gani?"

"Ya kupaka, ya bawasiri. Nimemaliza tyubu sita."

"Nani alikupima akakuambia ni bawasiri?"

"Hakuna. Sisi madereva wote tunayo, daktari. Tunakalia injini siku nzima. Mmoja akipata dawa nzuri anawaambia wenzake."

"Na wenzako nao hawajapimwa."

"Hawajapimwa."

Daktari akashusha pumzi. "Umepungua uzito?"

"Hapana."

"Hapana?" Nilisimama. Niliona hasira inarudi, na afadhali ilirudi. Nikachomoa daftari la vipimo kwenye mfuko wa aproni, linakaa humo siku zote, nikafungua ukurasa wake. Ana ukurasa wake peke yake. "Januari, kiuno thelathini na nane. Februari, thelathini na saba. Machi, thelathini na sita. Mei, thelathini na nne. Na futi yangu haikosei hata robo."

Daktari aliweka kalamu chini. Akanyoosha mkono, nikampa daftari, akasoma ule mstari taratibu kana kwamba ni majibu ya maabara.

"Mama, inchi nne kwa miezi minne. Wewe ulidhani ni nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilitazama kastabini yangu. "Nilidhani kuna mwanamke," nikasema.

Hakucheka. Mume wangu ndiye aliyegeuka kunitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nyumbani kwetu mwenye wivu nilikuwa mimi, na aliyekuwa anakonda ni yeye, na mimi nilikuwa nampunguzia suruali huku nimenuna.

"Kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuugua utumbo?"

"Hapana," akasema.

"Baba yake," nikasema. "Alikufa kwa tumbo. Hakupimwa. Tulisema ni tumbo tu, tukazika."

Daktari akavaa glavu. Akasema anataka kumpima kwa kidole, ni dakika moja, na mgonjwa ndiye anayeamua kama mke abaki au atoke. Mimi nilishaanza kuvuta kiti karibu.

"Atoke," mume wangu akasema.

Nilitoka. Zigizaga alikuwa bado kwenye benchi, mikono mapajani, na wagonjwa wote wakajifanya wanasoma mabango ukutani. Nikakaa.

"Alikuja na suruali kwenye mfuko," akasema Zigizaga. "Akaniambia amekalia rangi kule wanakojenga. Mwalimu, mimi nilifua nguo za marehemu mwaka mzima. Damu naijua, na rangi naijua."

"Marehemu si alikufa kwa ajali ya kazini?"

"Ndivyo tulivyowaambia watu. Aliona aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye kilimuumbua nikiwa namtazama." Akajipangusa pua kwa upande wa kiganja. "Mumeo nilimwambia, bitana nitakutia, lakini kwa sharti uende kwa daktari. Nikatia, lakini Alhamisi ya kwanza, pazia nimelishusha tuongee faragha, akakataa kwenda. Ya pili akakataa. Leo nimefunga banda nimemleta mwenyewe."

"Na mimi?"

"Nilimwambia akwambie wewe kwanza. Kila alipokuja nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Muulize mwenyewe."

Nilipaswa kumshukuru. Nilijua hivyo pale pale, si baadaye. Lakini nilikuwa nawaza kwamba yeye aliona damu ya mume wangu kabla yangu, akaigusa, akaifua, akamfariji, na mimi nilipewa komeo. Kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Zigizaga kwenye bitana nzito haifai. Itafumuka."

"Ilikuwa ya muda tu, mwalimu," akasema.

Tulirudi nyumbani sisi wawili, na karatasi ya kurudi kwa kipimo cha kamera wiki inayofuata. Daktari alikuwa amemwambia kwamba huenda angempa dawa ya kupaka ya saba na kumrudisha nyumbani, lakini kwa zile inchi nne hawezi. Mume wangu alitembea polepole. Tulipofika karibu na kinu cha kusaga, ambako kelele ni nyingi na hakuna wa kusikia, nikamuuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisikia sauti yako pale kwenye benchi?"

"Nilikuwa na hasira!"

"Una hasira siku zote, Mama Mapacha. Ningekuambia asubuhi, saa sita msusi angejua, jioni madereva wote wangekuwa wananichekelea." Akasimama kupumzika. "Nilikuogopa wewe kuliko huo ugonjwa."

Nilimshika kiwiko, na tukavuka barabara.

Kamera ilikuta uvimbe kwenye utumbo mpana, chini, karibu na njia. Wakakata kipande wakapeleka maabara. Majibu yalichukua siku kumi na mbili, na siku hizo zote nilishona vibaya. Niliweka mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la bibi harusi. Kisha daktari akatuita, akafunga mlango, akasema ni saratani, na kabla sijafungua mdomo akainua kidole. "Haijasambaa. Ingekuwa mwakani ningewaambia maneno mengine."

Msusi akaniuliza mume wangu analazwa kwa nini. Nilimtazama machoni. "Mgongo," nikasema. Akasema pole, eti madereva nao mgongo unawasumbua kweli. Ndiyo siri pekee niliyowahi kumficha.

Usije ukadhani nilibadilika nikawa malaika. Wodini, baada ya upasuaji, Zigizaga alileta supu kwenye chupa ya chai. Niliipokea, nikaionja mimi kwanza, nikasema chumvi imezidi, na mgonjwa akaimaliza yote huku nikimtazama. Siku niliporudi nyumbani kufua, nikachukua wembe nikaifumua ile bitana yake kwenye suruali ya kazi. Ilinichukua asubuhi nzima, maana aliyemfundisha alimfundisha vizuri. Nikatia nyingine, kwa mshono wangu ulionyooka.

Na tumboni kwa mume wangu sasa kuna mshono mrefu, kuanzia kitovuni kwenda chini, wa mkono nisioujua. Nesi alipobadilisha bendeji niliinama kuukagua. Umekaa sawa, sikuona kasoro, na kwa kweli nilitamani nione moja.

Aliruhusiwa. Daktari akatuonya kwamba huenda matone machache ya damu yakaonekana, tusife kwa hofu, lakini yakionekana tu, twende. Mume wangu akaitikia, "Ndiyo, daktari," na mimi nikamtazama pembeni. Ndiyo kama hizo nimeshazisikia nyingi. Nyumbani sikugusa lile komeo. Nilijisemea mlango ni wake, siri ni yake, akitaka afunge. Kila alipokwenda chooni niliacha kukanyaga cherehani, nikawa nasikiliza chuma kikigonga chuma. Wiki ya kwanza alifunga. Ya pili alifunga.

Asubuhi ya wiki ya tatu nilikuwa natia uzi. Simu yake ilikuwa mezani karibu na mkasi wangu. Nikamsikia akiingia chooni, na sikusikia komeo.

"Mama Mapacha!"

Nilifika kabla kiti hakijaacha kutikisika. Alikuwa amekaa, suruali miguuni, uso wa kijivu. Akaninyooshea karatasi. Katikati palikuwa na doa jekundu, dogo, kama ukubwa wa kifungo cha shati.

"Ona," akasema.

Niliona. Niliishika mimi mwenyewe ile karatasi, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Niliogopa. Lakini kuna swali lilikuwa limeshafika mdomoni, na mimi ni mimi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani, nami bado niko chooni?" Akanitazama kwa macho yaliyojaa maji. "Wewe wa kwanza."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Doa la damu mkononi, mume wangu suruali miguuni, na mimi nikafurahi kiasi cha kulia. Nikamsimamisha, nikampandisha suruali, nikamfunga kifungo cha kiuno. Thelathini na tatu, niliona kwa macho tu.

"Vaa viatu," nikamwambia, kwa sauti ya chini hata msusi nyuma ya ukuta hakusikia. "Tunakwenda kwa daktari."